Kinachoingia na Kinachotoka: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Kitenzi cha Kiingereza “substitute”

Maswali haya huulizwa na wanafunzi wa skuli za sekondari Unguja na Pemba, wapishi na wahudumu wa hoteli, wafasiri wa nyaraka, na watu wanaopika kwa kufuata maelezo ya Kiingereza ya mtandaoni. Yanaanzia ya msingi na kuishia yale yanayowatatiza hata waliokwishabobea. Mwenye haraka na asome swali la 2 na la 3, maana mengi ya yanayofuata yanategemea hayo mawili.

## Misingi

1. “Substitute” maana yake nini khasa?

Ni kuweka kitu au mtu mahali pa kingine ili afanye kazi ile ile ambayo kile cha mwanzo kingefanya. Kitenzi hiki kimetoka Kilatini, kwenye “sub”, yaani chini, na “statuere”, yaani kusimamisha. Tangu huko kilikotoka, kinamtazama yule anayesimamishwa, anayeingia. Anayeondoka anatajwa baadaye.

Wengi wetu tuliandikishwa darasani kwamba “substitute” ni “badilisha”. Si uongo, lakini hapo ndipo taabu inapoanzia, kwa sababu “badilisha” haikuambii nani anaingia na nani anatoka. Futa hiyo katika daftari lako uandike: “kuweka hiki badala ya kile”.

2. Katika “substitute A for B”, kipi kinaingia?

A inaingia, B inatoka. “Substitute oil for ghee” ni tia mafuta badala ya samli. Mafuta ndiyo yatakayokuwamo chunguni. Samli inabaki kabatini.

Ufunguo wa sentensi hii ni lile neno dogo “for”. Hapa maana yake ni “badala ya”. Kiswahili kina msaada mkubwa katika jambo hili: “badala ya” hukaa mbele ya kinachoachwa, kila siku, kwa kila msemaji, kuanzia Nungwi mpaka Mkoani. Hakuna Mswahili anayesikia “tia mafuta badala ya samli” akaenda kuchukua samli. Basi kila unapokuta “substitute”, soma “for” kama “badala ya”, na sentensi itanyooka yenyewe.

3. Mbona “replace” inakwenda kinyume?

Kwa sababu “replace” humtaja kwanza anayeondoka. “Replace the ghee with oil” ni ondoa samli, tia mafuta. Matokeo ni yale yale ya swali la 2, ila mpangilio umegeuka: kwenye “replace” kinachotoka hufuata kitenzi, na kinachoingia huja baada ya “with”.

Jifunze vitenzi hivi viwili pamoja, kila kimoja na neno lake: “substitute” na “for”, “replace” na “with”. Anayejifunza kitenzi peke yake bila ya neno linalokifuata atachanganyikiwa tu.

4. Kwani nikigeuza kuna hasara gani? Si watu wataelewa tu?

Mara nyingine wataelewa, kwa kuwa mazingira yanasaidia. Mara nyingine hapana. Chukua anayeoka keki nyumbani kwa kufuata maelezo ya Kiingereza, amefika katikati na beking soda imemwishia. Anasoma: “Substitute three teaspoons of baking powder for one teaspoon of baking soda.” Maana yake atie vijiko vitatu vya chai vya beking pauda badala ya kijiko kimoja cha soda. Hesabu hiyo ina sababu: beking pauda ni soda iliyochanganywa na asidi kavu na wanga, kwa hiyo nguvu yake ni ndogo, kama thuluthi ya soda tupu.

Sasa mtu mwengine mwenye soda tele na asiye na pauda akiisoma sentensi hiyo kinyumenyume, atatia vijiko vitatu vya soda mahali pa kimoja cha pauda. Alichotakiwa kutia ni kama thuluthi ya kijiko, na hata hapo atahitaji kitu kikali kidogo, mfano maji ya ndimu, ili soda ifanye kazi. Keki yake itatoka na ladha ya sabuni, unga na mayai yote yamekwenda bure.

Jikoni kwa mgeni mwenye mzio, jambo ni zito zaidi. Tazama swali la 10.

5. Inatamkwa vipi?

Mkazo uko silabi ya kwanza: SAB-sti-tyut. Sisi tunavutwa na mazoea ya Kiswahili ya kukaza silabi ya pili kutoka mwisho, tukasema sab-STI-tyut. Nomino yake, “substitution”, haina taabu hiyo, kwani mkazo wake uko pale pale tunapopapenda: sab-sti-TYU-shen. Wamarekani husema “tut” na “tu” bila ya ile y.

## Maneno madogo yanayofuata kitenzi

6. Nimeona “substitute B with A”. Ni makosa?

Yameenea, na kamusi za leo zinayataja. Mwenye kuandika hivyo amechukua “with” ya “replace” akaipachika kwenye “substitute”, na maana inakuwa ile ya “replace”: B inatoka, A inaingia. Wahariri wengi wanayakataa katika maandishi rasmi.

Ushauri wangu ni huu: ukisoma au ukisikia “substitute … with …”, ichukulie kuwa ni “replace”. Lakini wewe usiandike hivyo. Ukitaka kuanza na kinachotoka, kitenzi cha kazi hiyo kipo tayari. Kuchanganya vitenzi hivi kumeharibu jambo lililokuwa wazi, na nadhani ni haki kwetu tunaojifunza lugha hii ukubwani kushikamana na njia isiyompoteza msomaji.

7. Na kama wenye lugha wenyewe wanasema “substitute B for A” huku wakimaanisha A ndiyo inayoingia?

Wapo, khasa Uingereza, na hili ni baya kuliko la swali la 6, kwa sababu sentensi ni ile ile moja na sasa ina maana mbili zinazopingana. “With” angalau inakupa ishara kwamba msemaji anafikiria “replace”. Hapa ishara hakuna.

Mpira umechangia. Ligi ya Uingereza iliruhusu mchezaji wa akiba kuingia kwa mara ya kwanza mwaka 1965, tena kwa aliyeumia tu. Kombe la Dunia liliruhusu mwaka 1970, kule Mexico. Tangu wakati huo lugha ya uwanjani imezoea kusema “he was substituted” kwa yule aliyetolewa. Macho ya mashabiki yako kwake: anatoka kwa hasira, anapigiwa makofi, kocha anampa mkono. Ukisikia “the striker was substituted in the 70th minute”, mshambuliaji ametoka, hakuingia. Hii ni lugha ya mpira na ndani ya mpira haina ubaya. Shida ni pale inapohamia jikoni au ofisini.

Kwa anayetangaza au kuandika mechi za viwanja vya Amaan au Gombani kwa Kiingereza, “came on for” haina utata wowote: anayetajwa kwanza ameingia, anayekuja baada ya “for” ametoka.

8. Sentensi ikiwa ya kutendwa nifuate kanuni gani?

Ile ile. “Margarine was substituted for butter”: majarini iliingia, siagi ikatoka. “Butter was replaced with margarine” au “by margarine”: siagi ilitoka. Kwenye “replace” ya kutendwa maneno yote mawili, “with” na “by”, yanakubalika. “By” inafaa zaidi pale mrithi anapokuja kwa nguvu zake bila ya kuwekwa na mtu.

## Jirani zake

9. Kwenye duka la kubadilishia fedha wanasema “exchange dollars for shillings”. Hapo “for” si imegeuka?

Imegeuka kweli, na naamini hiki ndicho chanzo kikubwa cha mkanganyiko. Kwenye “exchange A for B”, A ndiyo unayoitoa mkononi na B ndiyo unayoipokea. “For” hapa ni “ili nipate”. Mtalii anayesema “I'd like to exchange dollars for shillings” anatoa dola na anataka shilingi. “Swap A for B” huenda njia hiyo hiyo.

Kwa hiyo “for” ina sura mbili: baada ya “exchange” na “swap” inatanguliza unachokipata, baada ya “substitute” inatanguliza unachokiacha. Kiswahili kinazitenga vizuri. Dola unazibadilisha *kwa* shilingi. Mafuta unayatia *badala ya* samli. Ukiona “for”, jiulize kwanza ni ipi kati ya hizo mbili, na kitenzi kilichotangulia kitakujibu.

10. Mgeni hotelini kaniambia: “Could you substitute coconut milk for the cream?” Nimpe nini?

Mpe chakula chenye tui la nazi, bila ya krimu. Ndivyo kanuni ya swali la 2 inavyosema, na katika hali nyingi ndivyo anavyotaka.

Lakini kwa kuwa wapo wanaoigeuza sentensi hii, kama ilivyoelezwa kwenye swali la 7, usiondoke mezani kabla ya kuhakikisha. Mrudishie kwa maneno mafupi ambayo hayana “substitute” ndani yake: “So, coconut milk and no cream. Is that right?” Akisema ndiyo, basi. Akishtuka, umemwokoa. Kuuliza si dalili ya Kiingereza duni. Mhudumu makini hurudia oda hata mbele ya mtu wanayezungumza naye lugha moja. Kwa mwenye mzio wa maziwa, karanga au samakigamba kama kamba na kaa, swali hilo moja linaweza kumwepusha na hospitali, na likishajibiwa lazima lifike kwa mpishi kwa Kiswahili kisicho na shaka: “Tia tui, usitie krimu kabisa.” Usimwambie mpishi “badilisha krimu na tui”. Hapo umelirudisha fumbo jikoni.

11. “Replace” na “substitute” ni sawa kwa watu?

Hapana, na tofauti yake inaweza kuudhi. “I'm substituting for the headteacher this week” ni nashika nafasi ya mwalimu mkuu wiki hii. Yeye yupo na atarudi. “I'm replacing the headteacher” inamfanya msikilizaji aelewe kwamba mwalimu mkuu ameondoka moja kwa moja na wewe ndiye mrithi wake. Ukiiandika hiyo ya pili kwenye barua pepe wakati mwenzako yuko likizo ya uzazi tu, umemfukuza kazi kwa kalamu.

Kwa cheo cha serikalini au cha kampuni, Kiingereza hutumia “acting” kwa yule tunayemwita kaimu. Kwa darasani, Wamarekani husema “substitute teacher” na Waingereza “supply teacher”. Katika mazungumzo ya kawaida “standing in for” au “filling in for” yanatosha, na yote yanachukua “for” ile ya badala ya.

12. “Replace” ina maana ngapi?

Tatu zinakutana sana na watu wa hapa. Ya kwanza ni kurudisha kitu mahali pake: “Please replace the cap” ni funika tena, rudisha kifuniko. Hii ndiyo maana ya zamani, na ndiyo inayowapoteza wengi, kwani wanadhani wanatakiwa wanunue kifuniko kipya. Ya pili ni kuleta kingine kwa kilichochakaa, kuvunjika au kupotea: taulo la mgeni, balbu, kitambulisho. Ya tatu ni kushika nafasi ya kilichokuwepo.

“Substitute” haiwezi kabisa ile ya kwanza, na ya pili haiifai. Huwezi ku-“substitute” balbu iliyoungua kwa balbu nyingine ya aina ile ile. Hiyo ni “replace”. “Substitute” inataka kitu cha aina tofauti kinachofanya kazi ya mwenzake.

13. Kwa mambo ya historia nitumie ipi?

Aghalabu “replace”. Tarehe 1 Januari 1936 shilingi ya Afrika Mashariki ilichukua nafasi ya rupia ya Zanzibar: “The East African shilling replaced the Zanzibar rupee.” Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na Pemba ikawa ndiyo mzalishaji mkuu: “Pemba replaced Unguja as the main producer of cloves.”

Jaribu kuitia “substitute” kwenye sentensi ya karafuu uone inavyogoma. Hakuna mtu aliyekaa akaiweka Pemba badala ya Unguja. Upepo ulipita na mambo yakageuka. “Substitute” inataka mkono wa mtu, awepo aliyechagua na kuweka. Kwenye rupia mkono upo, wa serikali, lakini badiliko lilikuwa la kudumu na la nchi nzima, kwa hiyo bado “replace” inakaa vizuri zaidi.

14. “Supersede” na “supplant” zinaingia wapi?

“Supersede” ni ya waraka, kanuni na vifaa: kipya kinakuja na cha zamani kinakosa nguvu. Katiba ya Zanzibar ya 1984 ilichukua nafasi ya ile ya 1979, na hapo “superseded” inafaa sana. Iandike kwa s, si kwa c. Hata Waingereza huikosea.

“Supplant” ina ukali. Asili yake ya Kilatini ni kumtega mtu kwa unyayo aanguke. Itumie pale anayeingia anapomsukuma mwenziwe nje.

## Darasani na ofisini

15. Mwalimu wa hisabati anasema “substitute x = 3 into the equation”. Mbona hakuna “for”?

Kwa sababu ametaja mahali thamani inapoingia badala ya kutaja kinachoondoka. “Into” ni “ndani ya”. Kama mlinganyo ni y = 2x + 5, unaondoa x, unaweka 3, unapata 11. Njia nyingine ya kusema hivyo ni “substitute 3 for x”, na hiyo inafuata swali la 2 neno kwa neno: weka 3 badala ya x. Ukiandika “substitute x for 3” umesema kinyume, yaani umeifuta namba ukaweka herufi. Katika hatua fulani za aljebra hilo nalo hufanywa makusudi, kwa hiyo mtahini hawezi kudhani tu ulichokusudia.

16. Na kwenye kemia?

Klorini ikikutana na methani penye mwanga, chembe ya klorini inakaa mahali pa chembe ya haidrojeni. “Chlorine is substituted for hydrogen”: klorini imeingia. Ila wanakemia pia husema “a substituted benzene”, wakimaanisha benzini ambayo haidrojeni yake moja au zaidi imeondolewa na kitu kingine kikawekwa. Hapo neno linaisifu molekuli iliyofanyiwa badiliko, si kilichoingia.

17. Nafasiri sheria ya marekebisho: “by deleting the word ‘Director’ and substituting for it the words ‘Director General’”. Kinachoingia kimekuja mwisho. Kanuni imevunjika?

Haikuvunjika. Angalia “for” imeshika nini: imeshika “it”, yaani “Director”, neno linalofutwa. Kilichobaki, “Director General”, ndicho kinachoingia. Wanasheria wamepeleka kinachoingia mwisho wa sentensi kwa kuwa aghalabu ni kirefu, pengine kifungu kizima.

Mfano huu ndio unaonyesha kwa nini usiifunge kanuni kwenye mpangilio wa maneno. Anayekariri kwamba “cha kwanza kinaingia” atakwama hapa. Anayeifuata “for” popote ilipo hatokwama. Tafsiri iliyozoeleka ni nyepesi na sahihi: “kwa kufuta neno ‘Mkurugenzi’ na badala yake kuweka maneno ‘Mkurugenzi Mkuu’.” Ukikuta “substituting therefor”, ni “badala yake” hiyo hiyo.

18. “Mbadala” ni “substitute” au “alternative”?

Kiswahili kinatumia neno moja, Kiingereza mawili. “Alternative” ni chaguo jengine lililo sawa na la kwanza: barabara hii au ile. “Substitute” huja pale cha kwanza kinapokosekana au hakitakiwi. Boti ya asubuhi na ya mchana ni “alternatives”. Ya asubuhi ikiharibika na kampuni ikaleta chombo chengine, hicho ni “substitute”. Wachumi nao huita “substitutes” bidhaa ambazo mnunuzi huhama kutoka moja kwenda nyingine bei inapopanda, kama chai na kahawa.

## Pembeni kabisa

19. “Sugar substitute” ina sukari?

Haina, ni kitu kingine kinachotiwa badala ya sukari. Hata hivyo mwenye kisukari asome maelezo ya pakiti mpaka mwisho, kwani si kila kilichoandikwa hivyo hakipandishi sukari mwilini.

20. Mbona “import substitution” ni kuacha bidhaa za nje, lakini “generic substitution” ni kumpa mgonjwa dawa isiyo na jina la kibiashara? Nomino ya mbele ndiyo inayoingia au inayotoka?

Inaweza kuwa yoyote, na hapa hakuna kanuni ya kukuokoa. Kwenye “import substitution” kinachotoka ndicho kilichotajwa: bidhaa za nje zinaachwa, zinatengenezwa za ndani. Kwenye “generic substitution” kilichotajwa ndicho kinachoingia. “For” haipo, kwa hiyo hakuna cha kushika. Misemo ya namna hii ni michache. Ijifunze mmoja mmoja. Ukikutana na mpya usioujua, ufungue kwa sentensi kamili yenye “badala ya”, uijaribu pande zote mbili, uone upande gani unaleta akili mahali pale.

Kwenye cheti cha dawa, “do not substitute” haina utata: mgonjwa apewe ile ile iliyoandikwa.

21. “There is no substitute for…” tunaisemaje kwa Kiswahili?

“Hakuna kinachoweza kushika nafasi ya…” Ni msemo wa kusifu, na “for” yake ni ile ile ya siku zote: kinachoifuata ndicho kisichoachika. “There is no substitute for fresh coconut” ni hakuna kinachoweza kushika nafasi ya nazi iliyokunwa sasa hivi. Usiitafsiri “hakuna mabadiliko ya nazi”, kama inavyoonekana kwenye tafsiri za mashine.